Ankara mbili na jumla ya uongo

Kisa nitakachosimulia ni cha kubuni, na kampuni iliyomo haina jina kwa sababu haipo. Lakini mitego iliyoinasa ipo kwenye ankara halisi za wauzaji wakubwa wa huduma za wingu, na kampuni za kwetu zinazokodi seva badala ya kuzinunua hukutana nayo kila mwisho wa mwezi. Mitego ya aina hii haieleweki mtu akiorodheshewa tu. Huieleza vizuri fedha yenyewe, ukiifuata hatua kwa hatua mpaka pale ilipopotelea.

Kampuni yetu ilikuwa Dar es Salaam, ikiuza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu. Seva zake zilikuwa AWS, tawi la huduma za wingu la Amazon, na kila Januari ililipa dola 36,000 kwa mkupuo. Hiyo ilikuwa fedha ya ahadi. Mteja hujifunga kutumia kiasi fulani cha huduma kwa mwaka mmoja au mitatu, naye muuzaji humpunguzia bei. Matumizi yaliyozidi ahadi yalitozwa mwezi kwa mwezi, kiasi cha dola 4,000. Mambo yalikwenda hivyo bila tatizo, mpaka kampuni iliponunua kampuni ndogo ya Nairobi yenye biashara kama yake. Hii ya Nairobi ilikuwa imekodi kwa Google.

Mwezi wa tano mkurugenzi alitaka kujua ni wapi panapokula fedha zaidi. Kijana anayesimamia mitambo akapakua faili la matumizi la AWS na lile la Google, akatafuta katika kila faili safu inayotaja gharama, akaijumlisha. AWS ilisoma dola 4,000. Google ikasoma dola 12,000. Kazi inayofanywa na seva za pande zote mbili ilikaribiana, abiria idadi moja, tiketi idadi moja. Yeyote aliyeitazama karatasi ile angesema Google ni ghali mara tatu, tuhame. Mkurugenzi alisema hivyo hivyo, na kwa karatasi aliyowekewa mezani simlaumu.

Ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa unaigharimu kampuni dola 7,000 kwa mwezi, sawa kwa sawa.

Tuanze na Google. Kampuni ya Nairobi nayo ilikuwa imejifunga kwa ahadi, ya miaka mitatu, na ada yake ilikuwa dola 3,000 kila mwezi. Ahadi hiyo ilifunika matumizi ambayo kwa bei ya kawaida yangefika dola 5,000. Katika faili la Google la kisa chetu, safu ya gharama inaandika matumizi kwa bei kabla ya nafuu. Nafuu zenyewe zimewekwa pembeni, katika safu nyingine, zikiwa na alama ya kutoa. Kwa hiyo safu aliyoijumlisha kijana ilibeba matumizi yote ya dola 9,000 kwa bei kamili, na juu yake ada ya ahadi ya dola 3,000. Zile dola 5,000 zilizopaswa kuondolewa zilikuwa hatua chache upande wa kulia, zimekunjwa ndani ya orodha ambayo haifunguki mpaka uifungue kwa makusudi. Chukua 9,000, ongeza 3,000, toa 5,000, unapata 7,000. Kijana aliishia kwenye kuongeza.

Upande wa AWS kosa lilikwenda kinyume chake. Zile dola 36,000 zilikuwa zimeandikwa kwenye faili la Januari, mwezi zilipolipwa. Katika faili la Mei matumizi yaliyofunikwa na ahadi hayakuongeza kitu kwenye jumla, kwa kuwa yalikwisha kulipiwa. Aliyefungua faili la Mei peke yake aliona dola 4,000 tu, kana kwamba sehemu kubwa ya seva zile zilikuwa zinafanya kazi bure. Gawanya 36,000 kwa miezi 12, kila mwezi unabeba 3,000. Ongeza na 4,000, jumla ni 7,000.

Ninasisitiza kwamba hakuna muuzaji aliyedanganya hapa. Kila faili lilikuwa sahihi kwa utaratibu wa mwenye faili, na utaratibu huo umeandikwa wazi katika maelezo yake. Uongo ulizaliwa pale kijana alipoziweka namba mbili kwenye karatasi moja na kuziita kwa neno moja, gharama. Moja ilikuwa bei kabla ya nafuu, nyingine ilikuwa fedha iliyodaiwa mwezi ule. Jumla ya 16,000 haikuwa ankara ya mtu yeyote, haikuwa matumizi ya mtu yeyote, wala haikutoka katika akaunti yoyote ya benki.

Na kuna mtu aliyeliona hilo mapema. Mhasibu mkuu, mama wa makamo aliyeanza kazi enzi za leja za karatasi, alimwita kijana ofisini kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa umeandika elfu kumi na sita. Benki imetoa elfu kumi na moja, elfu saba za Google na elfu nne za AWS. Hizi elfu tano nyingine ziko wapi?"

"Mama, ripoti za mitambo na ankara hazilingani. Kila mahali ndivyo zilivyo."

Mama akanyamaza. Wingu lilikuwa eneo la mafundi, naye hakutaka aonekane anaingilia asichokijua. Kwangu mimi hapa ndipo kampuni ilipopotea. Hesabu alikosea kijana, na hesabu husahihishwa. Lakini swali la mhasibu lilikuwa swali sahihi kabisa, na lilijibiwa kwa kauli inayosikika katika ofisi nyingi: ndivyo zilivyo. Tofauti ya dola 5,000 ilikuwa nafuu ya Google yenyewe, imesimama mbele yao. Mtu angeiuliza kwa dakika 20 ingejitaja.

Uhamisho ulianza Juni. Kwa wiki kadhaa seva za Nairobi zilifanya kazi pande mbili kwa pamoja, za zamani na mpya, ili abiria wasikwame, na zote zililipiwa. Kutoa data katika wingu moja kwenda jingine nako kulitozwa. (Mwaka 2024 Google, kisha AWS na Microsoft, walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama, lakini nafuu hiyo ina masharti yake na huombwa, kampuni yetu haikuuliza.) Mwishoni mwa Julai kazi ilikamilika, watu wakapongezana.

Ripoti ya Agosti ikaja: AWS dola 13,000, Google dola 3,000. Jumla 16,000.

Hebu tazama namba hiyo inavyolaza watu usingizi. Jumla haikupungua, kwa hiyo mkurugenzi alikunja uso kidogo, akaambiwa ni mwezi wa kwanza, tusubiri. Jumla haikupanda, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Na safari hii benki nayo ilikuwa imetoa dola 16,000 kamili. Kijana akamwonyesha mama kwa furaha kwamba sasa ripoti na benki zinalingana, mfumo umetulia.

Kumbe kilichotokea ni hiki. Ahadi ya Google haivunjwi kwa sababu mteja amehama. Ilikuwa imebakiza miezi 22, na dola 3,000 ziliendelea kutozwa kwa seva ambazo hazipo. Kule AWS mzigo mpya wa dola 9,000 uliingia wote kwa bei kamili, kwa sababu ahadi ya Januari ilikwisha kujazwa na seva za mwanzo. Safu ya Google ikawa haina tena nafuu ya kusahauliwa, ndiyo maana ripoti ikakubaliana na benki. Kampuni iliyokuwa ikitoa benki dola 11,000 sasa ilikuwa ikitoa 16,000. Ukiongeza na zile 3,000 za Januari zinazostahili kuhesabiwa kila mwezi, gharama ya kweli ilipanda kutoka 14,000 hadi 19,000. Dola 5,000 zaidi kwa mwezi, kwa huduma ile ile, na karatasi inasema hakuna kilichobadilika.

Aliyeligundua alikuwa mama yule yule, Desemba, alipokuwa akifunga vitabu. Aliacha ripoti za mitambo pembeni, akapanga taarifa za benki peke yake, Mei mpaka Novemba, mstari chini ya mstari. Kufikia hapo miezi minne kamili ilikuwa imekwisha kulipwa kwa bei hiyo mpya, dola 20,000 za ziada, achilia mbali gharama za Juni na Julai. Na ahadi ya Google ilikuwa bado ina kiasi cha mwaka na nusu mbele yake.

Mitego iko mingi kuliko ile miwili niliyoisimulia. Microsoft, kwa wingu lake la Azure, hutoa data ya aina mbili, moja ikionyesha malipo kama yalivyodaiwa na nyingine ikiyasambaza malipo ya ahadi katika siku zote za mkataba. Ukichukua moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, umelinganisha vitu viwili tofauti bila kujua. Mahali pa kutenganishia matumizi ya idara, AWS hupaita akaunti, Azure usajili, Google mradi. Hata siku haianzi wakati mmoja. AWS huhesabu siku kwa saa za dunia, yaani siku inaanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Ripoti za Google hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambako usiku wa manane ni saa 4 au saa 5 asubuhi hapa kwetu, kutegemea majira. Kampuni inayouza tiketi nyingi usiku wa kuamkia sikukuu itaona matumizi ya usiku mmoja yameangukia tarehe mbili tofauti, kila muuzaji na tarehe yake.

Wakulima wa viazi wa Njombe wanaijua hasara ya namna hii tangu zamani. Mnunuzi alikuja na gunia lake, akalijaza mpaka likaota kilemba, lumbesa, na bei ikabaki ya gunia moja. Hapakuwa na mizani ya kumwambia mkulima kwamba gunia la huyu na gunia la yule si gunia moja. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga marufuku lumbesa na kusisitiza kilo: kilo haibadiliki ukibadilisha mnunuzi.

Kilo ya wingu imepatikana, na haina miaka mingi. Mwaka 2019 ilianzishwa nchini Marekani taasisi iitwayo FinOps Foundation, ya watu ambao kazi yao ni kusimamia fedha zinazokwenda kwenye huduma za wingu, na mwaka 2020 ikaingia chini ya Linux Foundation. Watu wake walikuwa na kilio kimoja. Kampuni nyingi kubwa zilikuwa zimeajiri wahandisi wa kutafsiri mafaili ya wauzaji, faili la AWS peke yake likiwa na safu zaidi ya 100, na kila muuzaji alipobadilisha safu moja kazi ilianza upya. Wakakaa na wauzaji wenyewe, wakaandika kanuni moja ya kupanga data za matumizi na gharama. Wakaiita FOCUS. Toleo la awali lilitoka 2023, toleo la 1.0 likatoka Juni 2024, na la 1.2, la mwaka 2025, likapanua kanuni hiyo ifike hata kwa programu za kukodi zinazotoza kwa sarafu zao wenyewe, kama vile pointi na tokeni. AWS, Microsoft, Google na Oracle wote wametoa njia ya kupata data zao kwa mpangilio huo.

Kiini chake ni kwamba gharama haiachwi iwe neno moja. Kila mstari wa data unabeba gharama nne, kila moja katika safu yake: ile ya bei iliyotangazwa kwa kila mtu, ile ya bei ya mkataba wenu, ile iliyodaiwa kwenye ankara, na ile ya kweli baada ya kuyasambaza malipo ya mbele katika muda yanaoufunika. Safu ya tatu inaitwa BilledCost na ya nne EffectiveCost, na majina hayo hayabadiliki ukitoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Kila mstari pia unajieleza ni wa nini, kama ni matumizi, ununuzi wa ahadi, kodi, nafuu au marekebisho. Huduma zinawekwa katika makundi ya pamoja, kama kompyuta, hifadhi ya data na hifadhidata, hata kama kila muuzaji amezipa jina lake la kibiashara. Na mwanzo na mwisho wa muda wa matumizi huandikwa kwa saa moja ya dunia.

Rudi sasa kwenye karatasi ya mwezi wa tano. Kwa mpangilio huu kijana angejumlisha EffectiveCost ya pande zote mbili na kupata 7,000 na 7,000, na wazo la kuhama lingeishia hapo hapo. Angejumlisha BilledCost akapata 4,000 na 7,000, jumla 11,000, namba ile ile aliyokuwa nayo mama kutoka benki. Mhasibu na fundi wangekuwa wanasoma kitabu kimoja. Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika kazi ile ya FOCUS. Wahandisi husema faida yake ni kupunguza kazi ya kutafsiri mafaili, na ni kweli, lakini mama mhasibu yule hakuhitaji kurahisishiwa kazi. Alihitaji swali lake lisiweze kujibiwa kwa "ndivyo zilivyo".

Nisije nikamtia mtu matumaini yasiyo na msingi. Kanuni hii haipunguzi bei hata senti moja. Haibadilishi dola kuwa shilingi. Inakuambia sarafu ya ankara, kazi ya kubadilisha ni yako, na kwa kampuni yenye ankara za dola na mapato ya shilingi, kiwango cha siku ya malipo kinaweza kuleta tofauti kubwa. Haikuambii pia seva ipi ni ya idara ipi. Hilo linategemea lebo ambazo watu wako wenyewe wamezibandika, na seva isiyo na lebo itabaki yatima katika mpangilio wowote ule. Na data nyingi huanza kukusanywa siku unapouwasha mpangilio. Atakayengoja mpaka azozane na mkurugenzi kuhusu mwezi wa tano huenda akakuta mwezi wa tano haupo.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema mambo haya ni ya kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zenye ankara za mamilioni. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kusoma mafaili hayo, na ikipoteza dola 20,000 inaweza isihisi. Kampuni ya tiketi ya Dar es Salaam, hospitali ya Mwanza inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwenye wingu, chama cha akiba na mikopo cha Kisumu: hawa ndio wasio na mtu wa kutafsiri, na kwao fedha hiyo ni mishahara ya watu. Wao ndio wanaohitaji kilo kuliko mtu yeyote.

Wauzaji nao hawatauendeleza mpangilio huu kwa mapenzi tu. Wale wanne wameingia kwa sababu wateja wakubwa waliwabana, lakini zipo kampuni nyingi ndogo za wingu na za programu za kukodi, pamoja na mawakala wanaotuuzia huduma za wakubwa kwa ankara zao wenyewe, ambao bado hutuma faili la mtindo wao, wengine hata picha ya ankara isiyojumlishika. Kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza kwa maandishi: data zenu za gharama mnazitoa kwa FOCUS, na kwa toleo lipi? Anayejibu hapana aeleze lini atatoa. Swali hilo likiulizwa na wanunuzi 10 wa Dar, Nairobi na Kampala kwa wakala mmoja, jibu litapatikana.

Na wewe ambaye tayari una ankara mbili au tatu mezani, usisubiri mkataba mpya. Waambie mafundi wako wiki hii wauwashe mpangilio huo kwa kila muuzaji anayeutoa, na mwezi ukiisha waketi meza moja na mhasibu, walinganishe jumla ya BilledCost na ankara, na ankara na kilichotoka benki. Zikipishana, hata kwa dola 10, msihamishe seva yoyote mpaka muijue sababu.